Alama ya Mguuni Ni ya Bi Somoe

Siku mliyoniaga pale karakana, mafundi wenzangu, Rehema alisoma karatasi. Alisema mambo mengi mazuri, mengine sikuyatambua kama ni yangu, lakini nilinyamaza kwa sababu mtu anayeagwa hana nafasi ya kubisha. Kisha akasema, "Na pwani yote hii inamshukuru kwa ile alama ya Kasiani." Mkapiga makofi, maana Kasiani ndiye mimi. Nilisimama ili niseme neno, nikasema ahsanteni, nikakaa. Ndiyo maana naandika. Mimi ni darasa la saba, na maandishi yangu ya maisha yote ni ya daftari la kazi: tarehe, mashine, tatizo, dawa. Nikikosea mpangilio mnivumilie, na nikimkosea mtu mnirekebishe.

Nianze mwanzo, maana bila mwanzo hiyo alama haieleweki.

Nililetwa Kilwa Masoko kutoka kwetu bara, kwa Wamwera, nikiwa najua jembe na baiskeli. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mzee Likapa, mtu mfupi, mkali, mwenye kikombe chake cha kahawa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiosha. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipeleka uani, ambako zilikuwa zimepangwa mashine tano kwenye mchanga: ya kusagia unga, ya pikipiki, ya pampu ya maji, ya jenereta, na moja ya boti iliyofungwa kwenye mti kama mbuzi.

"Zigawe," akasema.

Nikazigawa. Nyekundu huku, bluu kule, ile isiyo na rangi peke yake.

"Umegawa nguo," akasema. "Mimi nimekuambia ugawe watu."

Ndipo akanipa maswali yake manne, ambayo wengi wenu mliyapata kwangu mkadhani ni yangu pia. La kwanza, inakula nini na moto wake unatoka wapi. Ya petroli ina plagi, plagi inatoa cheche. Ya dizeli haina plagi; hewa inabanwa mpaka inachemka, dizeli ikipuliziwa humo inawaka yenyewe. La pili, inapiga mara ngapi mpaka iwake. Ya mipigo minne inavuta, inabana, inawaka, inatoa moshi. Kazi moja kwa safari nne za pistoni. Ya mipigo miwili haina subira, inawaka kila pistoni inapopanda. La tatu, inapozwa na nini, upepo au maji. La nne, ina silinda ngapi na zimekaaje, zimesimama, zimelala, au zimetanuka kama miguu ya mtu aliyekaa barazani. "Ukishajibu hayo manne," alisema, "jina la kiwanda ni salamu tu."

Nilidhani nimeelewa. Mwezi uliofuata alinituma Kiranjeranje peke yangu, mashine ya kusaga imezima. Nilikuta foleni ya kina mama na ndoo za mahindi hadi njiani. Nikavua shati, nikaizunguka ile mashine. Nikaizunguka tena. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele ya foleni alinivumilia mpaka akachoka.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Shikamoo mama. Natafuta plagi."

"Marahaba. Hiyo haina plagi. Ni ya dizeli." Akageukia wenzake. "Jamani, twendeni tukatwange."

Walicheka mpaka wengine wakaketi. Hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba la dizeli, basi. Nililegeza nati, nikapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, ikawaka. Yule mama alinipa kibaba cha unga nikarudi nacho. Nilipomsimulia Mzee Likapa hakucheka. Alisema, "Swali la kwanza amekujibia mwenye mahindi. Mshukuru." Ninamshukuru hadi leo, na jina lake sikuuliza, jambo ambalo ni kosa.

Tingi nako nilijifunza swali la tatu. Bwana mmoja mkulima alikuwa na pampu ndogo ya kumwagilia nyanya. Kila ikifanya kazi nusu saa inazima, ikipoa inawaka. Nilifika nikaikuta imevikwa gunia, imeshonewa vizuri kabisa, hata vifungo ilikuwa navyo.

"Baba, hili vazi la nini?"

"Vumbi, fundi. Mashine ni kitu cha thamani."

Nikamwonyesha zile mbavu za bati zinazozunguka silinda. Nikamwambia hii haina maji, inapozwa na upepo, na upepo unapita kwenye hizo mbavu. Umeivika koti juani.

Alilivua gunia kwa huzuni ya kweli. "Basi ile ya jirani yangu yenye rejeta ya maji naweza kuivika?"

"Ya jirani mwachie jirani, baba."

Nayasimulia haya ili muone kwamba makosa ya kugawa mashine si ya wajinga. Yule bwana aliipenda pampu yake kuliko wengi tunavyopenda vyetu. Na mimi, katika kosa nitakalolieleza sasa, nilikuwa fundi kamili, nina daftari na heshima.

Miaka yote hiyo ya mwanzo, mashine za boti zilizokuja kwetu zilikuwa za mipigo miwili. Mnazijua. Hazina bakuli la oili ndani, kwa hiyo oili yake inachanganywa kwenye petroli kwa kipimo, na ndiyo inayolainisha pistoni ikipita. Ukiipa petroli tupu itakimbia vizuri kabisa, hata utaisifu, kisha pistoni inakauka, inakwaruza silinda, inanoki, yaani inakaza na kukwama. Kila aliyeuza petroli ufukweni alijua: petroli ya boti inachanganywa. Halikuwa swali.

Kisha zikaja za mipigo minne. Hizi zina oili yake ndani, na kijiti cha kupimia. Ukizichanganyia petroli zinatoa moshi na plagi zinachafuka. Kwa nje, nyingine zinafanana na ndugu zao kama mapacha. Mzee Likapa hakuzipenda. Aliziita mashine za ofisini. Niseme haki: hapo alikosea, zinakula kidogo na zinadumu, na mwenyewe alikubali baadaye, ingawa alikubali kwa kukohoa.

Vurugu ikaingia dikoni, pale ufukweni boti zinapofikia. Wanaojaza matangi si mafundi, hawawezi kuifungua mashine waulize maswali manne. Nikapata wazo. Nilichukua rangi, kila mashine iliyopita mikononi mwangu nikaipiga mstari juu ya mfuniko: nyekundu, changanya oili; nyeupe, usichanganye. Nikazunguka Masoko na Kivinje nikawafundisha wauzaji. "Msibishane na nahodha," niliwaambia. "Msimsikilize mtu. Angalieni mstari." Mzee Likapa aliposikia alisema maneno mawili tu, "Nguo tena," akaendelea na kahawa yake. Nilidhani ni wivu wa uzee. Niliandika hivyo kwenye daftari, na neno hilo nimeliacha pale pale ili nilione.

Aliyeushika mfumo ule kuliko wote alikuwa Bi Somoe wa Kivinje. Alikuwa mjane, anauza petroli na oili dikoni, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Hakumwaga tone kabla hajashuka mwenyewe hadi kwenye boti kutazama mstari. Wavuvi walimtania: "Bi Somoe, unakagua boti au unakagua wanaume?" Naye: "Boti. Wanaume hamna alama, ndiyo maana mnatusumbua."

Sasa kosa lenyewe.

Nahodha Shaweji wa Kivinje alileta mashine yake ya mipigo miwili. Mstari wake mwekundu niliupiga mimi. Ilikuwa imeangushwa, mfuniko umepasuka vipande viwili. Mfuniko mpya wa kununua haukupatikana kwetu. Lakini nyuma ya karakana kulikuwa na mashine iliyokufa, ya mipigo minne, ya kiwanda kile kile, iliyoletwa kutoka Lindi ili tuichune spea. Nikauchukua mfuniko wake. Haukukaa. Nikachonga vibano kwa tupa siku nzima, nikaweka mpira pembeni, mpaka ukakaa kama ulizaliwa hapo. Niliandika daftarini: "Umekaa vizuri sana." Nilifurahi hivyo. Na juu ya mfuniko ule kulikuwa na mstari mweupe, nilioupiga mimi mwenyewe siku za nyuma, ile mashine ya Lindi ilipopita mikononi mwangu ikiwa bado hai. Niliushika kwa mikono yote miwili siku nzima na sikuuona. Sijui niliseme vipi vizuri zaidi ya hivyo.

Shaweji akaichukua. Siku ya pili yake asubuhi alitoka na wenzake wanne. Hawakumaliza saa. Mashine ikalia, ikakaza, ikanyamaza. Walipoinua mfuniko kutazama, wimbi liliyumbisha boti, mfuniko ukaenda majini ukazama. Walielea hadi alasiri, jua kichwani, mpaka boti nyingine ikawaona ikawavuta. Mmoja wao alikuwa ameishiwa nguvu kwa kutapika. Hakufa mtu. Alhamdulillahi, walisema wao, nami nilisema kwa namna ya kwetu.

Kamati ya diko ikaniita niseme kilichoiua mashine. Niliifungua mbele yao. Nikatoa pistoni, imekwaruzwa pande zote, kavu kama gome.

"Fundi, sema."

Nikasema kweli, au nilichodhani ni kweli yote. "Haikupata oili. Imepewa petroli tupu."

Watu wote wakamgeukia Bi Somoe, aliyemuuzia petroli.

"Mie niliona mstari mweupe," akasema.

Shaweji akaruka. "Mweupe! Mashine yangu ni nyekundu tangu fundi aanze kupaka rangi! Nani hapa hajui?"

"Najua. Na nilikuuliza. Nilisema, Nahodha, mbona leo nyeupe? Ukaniambia, wewe angalia mstari, si ndivyo mlivyofundishwa."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki. Ulikuwa unacheka na wenzio."

Mwenyekiti akauliza huo mfuniko mweupe uko wapi. Bi Somoe akanyoosha mkono baharini. Mtu nyuma akapaza sauti, "Basi samaki ndio mashahidi wake!" Diko zima likacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilimwona akiniangalia, akisubiri niseme neno, na mimi nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa. Kamati ikaamua asiuze tena dikoni. Alikunja khanga yake, akabeba kipimo chake cha oili, akaondoka.

Kuhusu Shaweji niwe mwadilifu. Siamini alidanganya. Alikuwa amekaa majini na hofu ya kufa, na mtu wa namna hiyo hutafuta mkono wa kuulaumu. Ule uliokuwa karibu ulikuwa wa Bi Somoe.

Siku ya nne nilikuwa kwenye benchi natafuta nati ndogo. Nati zangu huwa naziweka kwenye chochote kilicho na shimo. Nikavuta kutoka chini ya benchi kipande cha plastiki, nikamwaga nati mezani, nikakigeuza. Kilikuwa nusu ya mfuniko uliopasuka, na juu yake mstari mwekundu. Mfuniko wa Shaweji. Nikafungua daftari, nikasoma: "Umekaa vizuri sana."

Nilimwendea Mzee Likapa.

"Mzee, nimeua mashine."

"Mimi nimeua nyingi kuliko wewe. Rudi kazini."

"Na jina la Bi Somoe wa Kivinje nimeliua."

Kikombe kikarudi mezani. Nikamweleza yote. Nilitegemea aseme "nguo", na alikuwa na haki ya kulisema. Hakulisema. Alisema, "Mashine ina spea, Kasiani. Jina la mtu halina. Nenda leo."

"Nikaongee naye nyumbani?"

"Ulimvunjia heshima nyumbani?"

Nikapanda gari la Kivinje na kile kipande cha mfuniko mapajani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika dikoni yote yalikuwa yameniponyoka. Watu walikuwa wanapima samaki. Nilisimama juu ya tenga lililopinduliwa, nikakiinua kile kipande, nikasema kwa sauti iliyonitoka kama ya mtoto wa kuku: "Mstari ulikuwa mweupe. Bi Somoe amesema kweli. Mfuniko niliuweka mimi, wa mashine nyingine. Kosa ni langu lote."

Kisha yule yule wa samaki mashahidi akasema, "Kumbe fundi naye anamvalisha jirani nguo za maiti." Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Ilikuwa haki yao. Shaweji alikuja mbele, akakishika kile kipande, akakigeuza, akakigeuza tena. Sikujua kama atanipiga. Akasema, "Mimi nilimwambia aangalie mstari. Sasa nakumbuka." Akaenda mwenyewe kumwita Bi Somoe kwake. Kwa hilo nimemheshimu Shaweji maisha yangu yote.

Bi Somoe alikuja. Nilirudia maneno yangu mbele yake, nikamwomba radhi. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini. Labda aseme yamekwisha.

"Siku nne, fundi," akasema.

"Nimekiona leo tu, Bi Somoe."

"Leo umekiona. Siku ile ulinitazama, ukafuta mikono. Ungeweza kusema, ngoja kwanza nikaangalie. Neno moja. Siku nne watoto wangu wanapita njiani wanaambiwa mama yao alitaka kuzamisha watu."



Kisha akafanya jambo ambalo ndilo nililotaka kuliandika tangu mwanzo. Alichukua kile kipande, akakigonga kwa kidole. "Na hiki kitu, kinatoka?"

"Kinatoka."

"Kila mtu anakitoa?"

"Kila mtu."

"Sasa kwa nini uliandika juu ya kitu kinachotoka?" Akaenda kwenye boti iliyokuwa karibu, akainama, akaweka kiganja kwenye mguu wa mashine, chini ya mfuniko, pale penye kipande kirefu kinachoshuka majini. "Hapa panatoka?"

"Hapo panatoka kwa fundi tu, mashine ikishavuliwa yote."

"Basi piga hapa. Upande huu, anaposimama anayemimina."

Rangi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Alinishikia kopo. Tulipiga boti zote zilizokuwepo siku ile, na kila moja alinifanya nifungue mfuniko nijibu yale maswali manne kwa sauti, watu wakisikia, kabla sijagusa brashi. Nami nikaongeza mstari wa pili ndani, kwenye bloku, yaani mwili wenyewe wa mashine, ili hata mguu ukibadilishwa fundi aone. Huo wa ndani ni wangu. Wa mguuni ni wake. Kamati ilimrudisha jioni ile ile, na mashine ya Shaweji niliitengeneza upya, silinda na pistoni, na mfuniko wake wa zamani uliopasuka niliuunga vipande, nikafuta mstari nikauacha mtupu.

Baada ya hapo kazi iliendelea, na mengine mengi yalinipata ambayo nimeyaacha. Mzee Likapa alitangulia mbele ya haki, akaniachia kile kikombe, nami sikukiosha. Zikaja mashine za kompyuta ndani, Rehema na wenzake mkaja mkanifundisha mimi, na mlinifundisha kwa adabu, nawashukuru. Alama ya mguuni ikaenda Masoko, ikaenda Lindi, ikaenda na boti zilikokwenda. Mahali fulani njiani ikaokota jina langu. Sikuliweka. Lakini nililisikia mara ya kwanza, na mara ya pili, na nikafuta mikono.

Wiki iliyopita nilikwenda Kivinje. Bi Somoe sasa ni bibi wa wajukuu, binti yake ndiye anayeuza, na bado binti anashuka hadi kwenye boti kabla ya kumimina. Nilimweleza kuhusu karatasi ya Rehema na yale makofi. Nikamwambia nataka kuwaandikia ninyi ukweli, nikamwomba ruhusa ya kutaja jina lake.

Alifikiri huku anachambua mchele. "Watajua ni mimi niliyesema pale mguuni?"

"Watajua."

"Waambie mafundi wako waipige upande wa anayemimina. Siku hizi wanapiga upande wowote."

"Nitawaambia."

Akapeta kwa ungo, akapuliza makapi. "Andika basi. Lakini uandike na zile siku nne."

Nimeziandika, Bi Somoe.